Moto wa Mama Farouk na wa Mama Sydney

Kaloleni, Kisumu
8 Aprili 2025

Mpenzi mwanangu Laila,

Assalam aleikum. Sisi huku tuko wazima, Idi imepita vizuri, na nguo niliyoshonewa imenibana kwapani lakini nimeivaa hivyohivyo kwa sababu rangi yake ilinipenda. Baba yako goti linamsumbua. Mimi kama dada yake nikimwambia aende hospitali, ananijibu kwamba goti ni lake. Mwanangu Farouk bado anasema ataoa mwaka huu, ila hasemi nani.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia barua kama mtu wa zamani na simu ninayo. Simu yangu ikilia humu ndani wanaisikiliza watu sita. Ukiniuliza niko vipi nasema niko sawa, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwenye karatasi nasema ninachotaka na hakuna wa kunikatiza. Wewe nawe nijibu kwa karatasi, Kiswahili chako kisije kikakauka kwenye baridi ya hapo Leeds.

Mama Sydney anakusalimia sana. Ukimsahau Seline nitakuchapa, umekua mbele yake. Tangu wewe uko darasa la pili tunapika naye hoteli moja pale Kibuye, yeye samaki na ugali, mimi pilau na chapati. Sasa hivi amesimama nyuma yangu, anasema nikuulize kama huko kuna samaki au mnakula picha yake kwenye mkebe.

Basi, nimepimwa! Ule utafiti wako wa wanawake wanene umenifikia hata mimi. Niliposikia wanatafuta wanene nilijua sitakosa nafasi. Mimi na Mama Sydney tukikaa benchi moja, benchi inasoma dua. Jentrix, yule binti wa vipimo uliyemwachia kazi, alinilaza chali kwenye kitanda, akanifunika kichwa kwa kitu cha plastiki kinachoonyesha ndani na nje, chenye mpira wa kuvuta pumzi. Farouk aliniona akasema mama amewekwa kwenye hotipoti. Nikaambiwa nisilale usingizi, nisitikisike, nisiseme. Laila, mimi! Kunyamaza nusu saa! Nilihesabu vigae vyote vya dari kisha nikaanza kuwakumbuka watu walionikosea, mmoja mmoja, ili nisisinzie.

Kabla ya hapo aliniuliza kabila. Nikamwambia baba yetu asili yake Lamu, mama yetu Mnubi wa Kibos, na bibi mzaa baba alikuwa binti wa Kisian, Mjaluo halisi. Akanitazama akasema kwenye karatasi hakuna mahali pa watu wote hao. Akaniweka "Waislamu wa mjini". Hilo ni kabila la wapi? Ni wewe uliyeliandika?

Mama Sydney alipimwa mwezi wa pili, mimi nikapimwa baadaye, na kila mmoja akapewa karatasi yake yenye namba. Uzito wetu ni sawa tu, amenizidi kilo mbili ambazo yeye anasema ni za kitenge. Lakini namba yangu imeipita yake mbali! Mwalimu Wandera, yule mteja wetu wa kila siku, amezitazama karatasi zote mbili akasema hajui maana yake. Nijibu haraka. Tunabishana hapa mpaka chapati zinaungua.

Shangazi yako akupendaye,
Zeituni


Leeds
2 Mei 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Barua yako imechukua wiki mbili unusu, na nimeisoma mara tatu, mara moja nikiwa kwenye basi, watu wakinitazama kwa nini nacheka. Mimi mzima. Baridi imepungua, nimevua koti moja kati ya mawili. Idi niliswali na Wasomali wa hapa, wakanilisha mpaka nikashindwa kuinuka. Mwambie Baba goti ni lake lakini kelele za usiku ni zetu sote, aende akatibiwe. Na Mama Sydney mwambie samaki wa huku hana kichwa wala mkia, wanamuuza kama mkate.

Sasa nikuambie kuhusu namba. Mwili, Shangazi, haupumziki kamwe. Hata ukilala chali bila kutikisika, moyo unapiga, ini linafanya kazi, ubongo unawakumbuka waliokukosea. Yote hayo yanatumia nishati. Huo ndio moto tunaoupima, ule wa chini kabisa, kwa kutazama hewa unayovuta na unayotoa. Wataalamu wa nchi nyingine wamewapima wanawake wa asili mbalimbali wakaona wastani unapishana kidogo, na mpaka leo hawajakubaliana kwa nini. Mimi nikauliza: hesabu anayotumia mtu wa lishe kumwambia mama wa Kisumu ale kiasi gani, ilitungwa kwa miili ya watu wa mbali. Je, inatufaa? Mama anaambiwa ale hivi atapungua, anatii, hapungui, halafu anaitwa mwongo. Hilo ndilo lililonileta huku.

Na wewe uwe wa kwanza kujua baada ya profesa wangu: tumepata kitu! Kundi lenu, mliopimwa kutoka Kaloleni, Manyatta Arabs na Kibos, moto wenu uko juu kuliko wa wanawake wa Kijaluo na wa Kiluhya tuliowapima, hata nikilinganisha wenye uzito sawa. Profesa aliinuka kitini. Mwezi wa Novemba kuna mkutano Nairobi, na amesema nitakwenda mimi kuyasoma matokeo mbele ya watu. Ina maana nitakuja nyumbani, Shangazi! Wiki nzima!

Hilo jina la "Waislamu wa mjini" ni langu, naona aibu. Nilitafuta neno la kuwatosha nyote nikakosa.

Tafadhali sana, hii habari kaa nayo. Haijachapishwa. Usimsomee mtu.

Mwanao,
Laila


Kaloleni, Kisumu
26 Mei 2025

Laila wangu mwenye akili,

Mungu akuzidishie. Mvua huku imenyesha mpaka kuku wanalala jikoni. Farouk amemtaja msichana: anaitwa Shantel, baba wa msichana hajui bado, na mimi nimejifanya sijasikia. Baba yako amekwenda hospitali baada ya kusikia ulichosema kuhusu kelele.

Umeniambia nisimsomee mtu barua na mimi sikumsomea mtu. Nilimsomea Mama Sydney, ambaye si mtu, ni mwenzangu. Kama wateja waliokuwa wamekaa karibu walisikia, masikio ni yao. Mwalimu Wandera alinipigia makofi. Siku hizi nikipita sokoni wananiita Mama Moto. Hata kupanda ngazi ya msikiti nimeacha kuona haya kwamba nahema, maana sasa najua ndani yangu kuna kazi inaendelea. Miaka yote hii, mwanangu, daktari akinitazama tu anadhani mimi ni mvivu. Wifi zangu wanasema nakula kwa siri. Kumbe hata nikiwa nimelala nafanya kazi kuliko wao wakikimbia! Nililia kidogo kwa furaha nilipoisoma, nakwambia kweli.

Naomba unitumie cheti chenye muhuri wa chuo, niweke kwenye fremu pale juu ya jiko. Jina liandikwe kubwa.

Mama Sydney ana mafua siku mbili tatu hizi, kwa hivyo samaki nakaanga mimi. Si kazi ngumu. Wanashika tu chini ya sufuria, na mkia unabaki kule wakati mwili uko huku. Wateja wamezoea, wengine wamehamia kwenye pilau.

Novemba nitakuchinjia kuku wawili. Uje na nguo pana.

Mama Moto,
Zeituni


Leeds
19 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kuhusu Shantel, na nimefurahi zaidi kwamba hujasikia. Mimi naandika usiku na mchana ile hotuba ya Nairobi. Profesa ananipitishia karatasi zangu kwa kalamu nyekundu, kila ukurasa unatoka kama umechinjwa.

Cheti hakuna, Shangazi. Tunapima makundi, hatushindanishi watu. Nilikuomba usisome ile barua.

Sasa niulize. Mafua ya Mama Sydney ni ya wiki ngapi? Wewe hujui kukaanga samaki. Siku ile ulipojaribu, tulikula mikate, nakumbuka. Na jana nimeongea na Baba kwa simu. Akaniambia, bila kujua anasema nini, kwamba alipokwenda Kisian alimwona Mama Sydney kando ya barabara ya Busia, chini ya mwavuli, anakaanga samaki, na foleni ilikuwa ndefu. Mtu wa mafua hakaangi samaki kando ya barabara.

Ulimwambia nini?

Mwanao,
Laila


Kaloleni, Kisumu
21 Julai 2025

Laila,

Usione kimya. Nimeianza hii barua mara nyingi nikaitupa. Watu wote wazima. Baba yako anatembea na fimbo na anaisingizia kwamba ni ya urembo.

Nitakuambia kisha usinigombeze, maana najigombeza mwenyewe vya kutosha.

Siku ile niliposoma barua yako hotelini ilikuwa saa ya mchana, watu wamejaa. Mama Sydney alifurahi pamoja nami mwanzoni, Wallahi alinikumbatia kwa mikono yenye unga. Mimi nikaona raha, nikapanda juu zaidi. Nikasema kwa sauti yangu ile ya jikoni: "Sisi tumeumbwa na moto! Hata tukilala tunachoma. Nyinyi watu wa ziwa mkimbie mpaka Awasi na kurudi, ndiyo mfike pale mimi nimelala." Watu wakacheka sana. Nikarudia. Kesho yake nikarudia tena, na keshokutwa, kila mteja mpya akiingia. Mtu mmoja wa bodaboda akaanza kumwita Mama Sydney "jivu". Mimi nikacheka na wao. Hapo ndipo ninapojichukia.

Mama Sydney alivumilia mpaka jioni ya siku ya nne. Tulikuwa tunaosha sufuria. Akasema: "Mama Farouk, hebu niambie ukweli. Wewe ulilala huko ndani ya hiyo kitu, ukakoroma, ndiyo mashini ikasikia kelele ikaandika mingi. Donge, si ni hivyo?" Nafikiri alikuwa ananipa mlango, nicheke, yaishe. Mimi nikapandwa na hasira. Nikamwambia: "Nikorome vipi? Siku hiyo niliamka saa kumi za alfajiri nikapika daku ya nyumba nzima, chapati, maharagwe ya nazi, chai ya maziwa, nikala mpaka mshipi ukaniambia basi, nikaswali, nikaenda kwa Jentrix moja kwa moja. Nilikuwa macho kuliko wewe unavyokuwa saa sita mchana. Kubali tu kwamba nyinyi mmepoa."

Akavua aproni akaikunja vizuri. Akasema, "Haya basi. Mimi niliyepoa nitaenda kupoa kwangu." Akachukua karai lake la samaki, lile kubwa, akalibeba kichwani na mafuta yakiwa bado ya vuguvugu. Sikumwita arudi.

Hoteli imekuwa kubwa sana, Laila. Nasema neno na hakuna wa kulijibu. Hata pilau siku hizi sijui kama ni nzuri, maana yeye ndiye aliyekuwa ananiambia ukweli.

Lakini namba ni namba, au siyo? Wewe mwenyewe ndiye uliyesema.

Shangazi yako,
Zeituni


Leeds
9 Agosti 2025

Shangazi,

Nilipofika kwenye neno "daku" nilisimama. Nikarudi juu, nikasoma tena. Nikakupigia simu, ukasema uko sokoni hunisikii, ukakata. Basi nakuandikia, na hii ni bora usome umekaa.

Ulipimwa ndani ya Ramadhani, umeshakula kile chakula cha kabla ya alfajiri?

Mtu anayepimwa ule moto wa chini anatakiwa awe hajala kitu tangu jioni ya jana yake. Akila, mwili unaanza kazi ya kukisaga kile chakula, na moto unapanda, unakaa juu kwa saa nyingi. Mama Sydney alifika kwa Jentrix tumbo likiwa tupu tangu usiku. Wewe ulifika saa mbili asubuhi na chapati, maharagwe ya nazi na chai ya maziwa, vyote vinawaka ndani.

Nikafungua orodha yangu, nikatazama tarehe. Ninyi nyote, wa Kaloleni, wa Manyatta Arabs, wa Kibos, kila mmoja wenu, mlipimwa mwezi wa Ramadhani. Nikampigia Jentrix. Maskini alishangaa kuulizwa. Mashini ilikuwa imechelewa bandarini mpaka mwezi wa pili, wakaanza na wanawake wengine, na ilipofika zamu yenu akaona mwezi mtukufu umeingia. Akaniambia: "Nilifikiria hao mama nao wamefunga tayari, sasa kwa nini niwasumbue walale njaa siku ingine tena?" Alikuwa anawahurumia. Yeye ni Mkristo wa Sondu, daku hajawahi kuila, alidhani Mwislamu akifunga hali kitu usiku kucha. Na ninyi hamkuulizwa, mkaona kila mtu duniani anajua daku.

Lakini Jentrix ana udhuru. Mimi sina. Mimi niliyekula daku mwezi huohuo huku Leeds, na saa ya mlio niliitegesha kwenye simu! Tarehe zilikuwa mbele ya macho yangu, sikuzitazama kwa sababu nilishapata nilichokuwa nakitaka. Ile tofauti ya makabila niliyomwinulia profesa kutoka kitini ilikuwa chai na chapati.

Nimemwambia. Kwanza akaniuliza daku ni nini, nikamweleza, akataka kujua hayo maharagwe ya nazi yanapikwaje. Baadaye akasema kundi lenu lote lipimwe upya, na Nairobi mwaka huu hakuna. Kwa hiyo Novemba siji, Shangazi. Nililia chooni, nikacheka hukohuko chooni, nikatoka.

Sijui mkipimwa upya itaonekana nini. Pengine tofauti ipo, pengine haipo. Hata ikiwepo itakuwa ya wastani wa watu wengi, haitaweza kusema lolote juu ya wewe na yeye.

Sasa nakuomba kitu, mimi mtoto wako. Nenda Kisian. Usimpelekee salamu kwa mtu. Mwezi mzima wa Ramadhani, miaka yote hii, ukipika pilau mchana na umefunga, nani anakuonjea chumvi?

Mwanao,
Laila


Kaloleni, Kisumu
30 Septemba 2025

Laila mwanangu,

Assalam aleikum warahmatullahi. Tuko wazima, wazima sana. Farouk amekwenda na Shantel kwa baba wa msichana, na mzee amemlisha samaki kabla ya kumwuliza maswali, kwa hiyo tuna matumaini. Baba yako fimbo ameiacha mahali, hataki kusema ni wapi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyosema. Kwanza nilikukasirikia wewe. Halafu Jentrix. Halafu nikazikasirikia chapati. Nilipokosa mwingine wa kumkasirikia nikavaa buibui nikaenda Kisian.

Nilimkuta chini ya mwavuli. Foleni kweli ilikuwa ndefu. Nikasimama kwenye foleni, Laila, mimi, nyuma ya watu wa lori. Zamu yangu ilipofika akasema, "Ngapi, mama?" Kama hanijui! Mimi nikajifanya mteja. Nikasema wawili. Akanifungia samaki wawili kwenye gazeti, nikarudi nao Kaloleni. Nikawala nyumbani nikilia, na walikuwa watamu, hilo nalo liliniuma.

Wiki nzima nikajifanya nina kazi. Farouk akaniambia, "Mama, unakula samaki wa Kisian kila siku, si umwambie tu?" Maana nilikuwa namtuma Shantel aninunulie bila kusema ni wangu.

Jumamosi nikarudi. Nilimtukana mbele ya watu, nikaona siwezi kumwomba radhi nyuma ya mwavuli. Nikasimama pale mbele ya foleni yote nikasema kwa sauti ileile ya jikoni: "Jamani nisikilizeni. Mimi ndiye Mama Moto wa Kibuye. Nilisema mimi nina moto kuliko huyu mama, na nikasema watu wake wamepoa. Haikuwa kweli. Nilipimwa nimeshiba daku na yeye akapimwa na njaa. Nilimdharau mbele za watu, na kosa hilo ni langu, si la mashini. Mama Sydney, nisamehe. Nimekukosa mpaka jikoni pananitisha."

Yeye akageuza samaki upande wa pili, akamaliza, akainua kichwa.

"Kwa hivyo hiyo moto yako yote," akasema, "ilikuwa ni chapati?"

Nikasema ndiyo, chapati.

"Ngapi?"

Nikasema nne. Hapo watu wa foleni wakaanguka kwa kicheko, na yeye akawa anajaribu kukaza uso lakini tumbo linamtikisika, mwishowe akaliachia, akacheka mpaka akashika mwavuli usianguke. "Yawa, Mama Farouk! Chapati nne na unaniita jivu!" Nikamwambia jivu sikusema mimi. Akasema, "Lakini ulicheka." Nikasema ndiyo, nilicheka. Kisha akanipa mwiko nimshikie ahudumie watu.

Jentrix akatupangia siku moja. Nilitaka niende peke yangu, Mama Sydney akasema naye atapimwa tena, asije akasikia hadithi nyingine mwaka ujao. Alikuja kulala kwangu ili anichunge nisile. Asubuhi tulienda pamoja, matumbo yanaimba. Jentrix alinilaza kwanza, Mama Sydney akakaa kwenye kiti mlangoni, akininyooshea kidole kila nikitaka kusema. Halafu zamu yake nami nikamnyooshea.

Namba zimetoka. Yake imenipita! Padogo sana. Jentrix anasema ni padogo kiasi kwamba kesho yake ingeweza kuwa kinyume. Nilijitayarisha, Laila. Nilisema moyoni leo atanimaliza, na ana haki. Alizitazama karatasi zote mbili kwa muda, akatia yake mkobani, akaniambia, "Twende tukakule, mimi nitaanguka." Hakuzitaja tena namba njiani wala siku ile yote.

Karai limerudi mahali pake. Wanawake wengine wanaendelea kupimwa, matokeo utayajua wewe kabla yetu, na safari hii kaa nayo kweli. Kuhusu Novemba nimehuzunika sana, nilishawachagua wale kuku wawili. Wataendelea kuishi.

Mama Sydney anataka kalamu. Sijamwona akiandika barua tangu Sydney aolewe Eldoret, lakini amekataa nimwandikie mimi, anasema nitapunguza.

Zeituni


Laila nyathina, mtoto wangu,

Mimi niko poa, jina ya mungu isifiwe. Shangazi yako ameandika mengi nimesoma, karibu yote ni ukweli. Ile siku hakula chapati nne, alikula sita, Farouk ameniambia.

Mimi sikukasirika juu ya moto. Mtu mnene akiambiwa moto yake ni ndogo ama kubwa, kesho si ataamka mnene tu. Mimi nilikasirika kwa sababu hii hoteli yetu haikuwa na watu wa huku na watu wa kule. Kuku yangu naletea Farouk achinje ndiyo shangazi yako akule. Krismasi yangu yeye ndiye hupika. Sasa mashini moja imekuja na karatasi, na mara hiyo moja mimi nikawa wale wengine. Kwa mdomo ya mtu mwingine singelia. Kwa mdomo yake nililia kutoka Kibuye mpaka Kisian na karai kwa kichwa, watu wakifikiria ni mafuta imeingia kwa macho.

Lakini amekuja, na amesema mbele ya watu. Sijui wangapi wanaweza hiyo. Imeisha.

Mambo ya cheti yako ya chuo usiogope, utapata. Mwambie tu huyo profesa wako, akileta tena mashini hapa Kisumu akituuliza kabila, mimi na Mama Farouk atuandike pamoja. Kama hana jina, aandike wapishi.

Seline, Mama Sydney